Nani Alilipia Kisima Kikavu?

Nchi Jirani: Kenya

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru, anapofika juu ya ukingo wa Bonde la Ufa na kuitazama nchi iliyo kusini ya Ziwa Naivasha, huona mawingu meupe yakipanda kutoka ardhini, masika na kiangazi. Mgeni hudhani ni moto wa porini. Wenyeji wanajua kwamba ule ni mvuke wa Olkaria, maji yaliyochemshwa na miamba ya moto iliyo chini sana, yakapandishwa juu ili yazungushe mitambo ya umeme. Kwa mvuke huo na wa sehemu nyingine chache za bonde hilo, Kenya imejipatia mitambo yenye uwezo wa zaidi ya megawati 900, nayo hutoa zaidi ya theluthi moja ya umeme unaozalishwa nchini humo. Hakuna nchi nyingine ya Afrika iliyokaribia kiasi hicho.

Mafanikio hayo yamekuwa ushahidi katika ubishi mkubwa. Wako wasemao kwamba serikali haiwezi kubuni jambo jipya katika nishati. Kazi yake ni kufungua mlango na kukaa kando ili mwekezaji binafsi aingie na ujuzi wake. Wako wasemao kinyume chake, kwamba mwenye mtaji hatazami kitu ila faida, na kumkabidhi umeme ni kumkabidhi nchi. Ajabu ni kwamba pande zote mbili huitaja Olkaria. Wa kwanza huonyesha mitambo ya Ormat, kampuni ya kigeni. Wa pili huonyesha mitambo ya KenGen, shirika ambalo hisa zake nyingi zimo mikononi mwa Serikali ya Kenya. Ili kuupima ubishi huo, hapana budi kurudi nyuma na kuuliza swali la kihasibu ambalo pande zote mbili hulipita haraka: wakati hapakuwa na mtu aliyejua kama chini ya ardhi ile mna mvuke wa kutosha, ni mfuko wa nani uliotoboka?

Swali hili si la wahandisi na wahasibu peke yao. Askari aliyewahi kukaa katika kituo cha mpakani anajua kwamba taa, redio ya mawasiliano na jokofu la dawa huwa hai kadiri pipa la dizeli linavyofika, na kwamba pipa hilo halifiki mvua ikikata barabara. Nayo nchi nzima huwa hivyo hivyo. Tangu miaka ya 1950 Kenya ilikuwa ikinunua umeme kutoka bwawa la Owen Falls lililoko Jinja, Uganda. Mwezi Februari 1976 Idi Amin alipotangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda, baadhi ya umeme uliowasha taa na kuendesha viwanda vya Kenya ulikuwa bado unapita katika waya unaoanzia kwake. Na wapiganaji wa Tanzania walioingia Jinja mwezi Aprili 1979 wanakumbuka jinsi ilivyosisitizwa kwamba bwawa lile likamatwe likiwa zima.

Kwanza ieleweke kazi yenyewe ilivyo. Katika Bonde la Ufa ganda la dunia limepasuka na kuwa jembamba, na miamba ya moto imepanda karibu zaidi na uso wa nchi kuliko mahali pengine. Maji ya mvua hupenya katika nyufa, hukutana na joto hilo, na hubaki yamefungiwa chini yakiwa na nguvu kubwa. Ili kuyafikia lazima kuchimba kisima chembamba kinachoshuka mita 900, pengine mita 3,000, katika mwamba mgumu, kwa mashine kubwa inayofanya kazi usiku na mchana kwa wiki nyingi. Kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola. Hapo ndipo penye tatizo. Mwenye kujenga mtambo wa mafuta anajua tangu siku ya kwanza kwamba mtambo utawaka. Mwenye kuchimba kisima cha mvuke hulipa fedha zote kwanza, ndipo ajue kama chini mna mvuke, maji ya uvuguvugu au mwamba mkavu. Wataalamu wanaweza kusoma dalili za juu, yaani chemchemi za moto, gesi zitokazo katika nyufa na mitetemo ya ardhi, lakini hakuna dalili inayochukua nafasi ya kisima.

Sasa tuanze na mwaka 1956. Waliotangulia kuchimba Olkaria hawakuwa serikali huru ya Kenya wala Umoja wa Mataifa. Lilikuwa kundi la makampuni, yakiwamo makampuni makubwa ya uhandisi ya Uingereza, yakishirikiana na shirika la umeme la wakati huo, East African Power and Lighting. Kufikia mwaka 1959 visima viwili vilikuwa vimechimbwa, vyote havikufika mita 1,000. Mvuke wa kutosha haukutoka. Makampuni yalifunga mizigo. Hapana haki ya kuyalaumu, kwa maana kampuni ina wenye hisa wanaodai gawio kila mwaka, na mafuta ya wakati huo yalikuwa rahisi mno. Lakini jambo moja likumbukwe: mvuke ambao leo huwasha taa za Nairobi ulikuwa pale pale. Uliokosekana ulikuwa mfuko wa kuvumilia kisima kikavu na kujaribu tena.

Mfuko huo ulipatikana mwaka 1970, na ulikuwa wa umma. Serikali ya Kenya, shirika la umeme na Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa walianza uchunguzi mpya katika bonde, kuanzia Olkaria hadi Ziwa Bogoria. Uchimbaji ulianza tena mwaka 1973, mwaka ule ule ambao vita ya Mashariki ya Kati ilisababisha bei ya pipa la mafuta kupanda karibu mara nne katika miezi michache. Kisima cha kwanza cha mradi huo nacho hakikufaa. Cha pili, kilichoshuka zaidi ya mita 1,300, kilikutana na joto la zaidi ya nyuzi 240. Kufikia mwaka 1976 visima sita virefu vilikuwa vimechimbwa na hesabu zikaonyesha kwamba mtambo unaweza kujengwa. Mwaka 1981 mashine ya kwanza ya megawati 15 iliwashwa, ya pili mwaka 1982 na ya tatu mwaka 1985. Jumla megawati 45. Kabla ya hapo Afrika ilikuwa imeona mtambo mmoja mdogo tu wa namna hiyo, ule wa Kiabukwa katika Katanga, uliojengwa mwaka 1952 kwa ajili ya mgodi, nao haukudumu.

Tangu makampuni yafunge mizigo hadi umeme wa kwanza ilipita miaka 22. Tangu fedha za umma zianze kutoka hadi umeme wa kwanza, miaka 11. Katika miaka hiyo 11 hapakuwa na senti moja ya mauzo. Mhasibu wa kampuni angekwisha kufukuzwa kazi. Kinachosahaulika pia ni kwamba pamoja na visima walizaliwa watu. Kuanzia mwaka 1979 Iceland, nchi ndogo ya kaskazini inayopasha nyumba zake joto kwa maji ya ardhini, ilifungua chuo cha mafunzo hayo chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, kwa gharama ya serikali yake zaidi. Hakuna nchi iliyopeleka wanafunzi wengi kuliko Kenya. Wajiolojia, wachimbaji na wakemia waliorudi kutoka huko waliingia Olkaria, na ujuzi wao haukuondoka na mkataba wa mtu.

Baada ya sifa hizo inafaa kusema na upande wa pili, kwani fedha za umma zina ugonjwa wake. Baada ya mwaka 1985 Olkaria ililala. Visima vya mtambo wa pili vilikuwa vimechimbwa kufikia miaka ya kwanza ya 1990, lakini mtambo wenyewe haukuwashwa hadi mwaka 2003. Visima vilivyolipiwa vilikaa vimefungwa kwa vali kama maghala yaliyojaa nafaka wakati watu wana njaa. Sababu haikuwa mvuke. Mwezi Novemba 1991 wafadhili walisimamisha misaada wakidai mageuzi ya siasa na usafi katika hesabu za serikali, na katika miaka hiyo hiyo hazina ya Kenya ilikuwa ikivuja katika kashfa ya Goldenberg. Mradi unaotegemea mfuko mmoja huugua siku mfuko ule unapougua. Ukame wa mwaka 1999 na 2000 ulipokausha mabwawa ya Mto Tana, Wakenya walikatiwa umeme kwa zamu, saa baada ya saa, huku mvuke uliochimbwa kwa fedha zao ukiwa chini ya vali Olkaria.

Katika upungufu wa umeme wa miaka ya 1990 ndipo mwekezaji binafsi alipoitwa kwa haraka. Na alipoitwa kwa haraka alileta nini? Kwanza alileta mitambo ya mafuta. Kuanzia mwaka 1997 makampuni binafsi yaliuza umeme wa mafuta kwa shirika la taifa, bei ya mafuta ikiwa juu ya mnunuzi. Hilo si la kustaajabia. Mtambo wa mafuta hujengwa kwa miezi, wala hauna kisima kikavu.

Ormat ilikuja kwa namna nyingine, na hapa ukweli una sura zaidi ya moja. Mwaka 1998 kampuni hiyo ilitia sahihi mkataba wa kuendeleza sehemu ya magharibi ya Olkaria na kuuza umeme kwa miaka 20. Mwaka 2000 ilitoa megawati zake za kwanza, chini ya 10. Ikapanda polepole hadi megawati 48 mwaka 2009, na kufikia mwaka 2018 ilikuwa na megawati 150. Kampuni ilichimba visima vyake yenyewe na kubeba hatari yake katika hatua hiyo; hilo lisifichwe. Ilileta pia mtambo wa aina mpya katika Kenya. Badala ya kuuelekeza mvuke moja kwa moja katika mashine, joto lake hutumika kuchemsha kimiminika kingine kinachochemka upesi, na hicho ndicho kinachozungusha mashine. Maji ya ardhini hurudishwa yote chini yalikotoka. Kupoza hufanywa kwa hewa, bila kunywa maji ya ziwa. Kwa bonde lenye wakulima wa maua, wafugaji na wanyama wa pori wanaogombea maji, hilo ni jambo kubwa.

Lakini eneo alilokabidhiwa halikuwa pori lisilojulikana. Visima vya uchunguzi vilikuwa vimekwisha kuchimbwa humo kwa fedha za umma, na ng'ambo ya kilima mtambo wa serikali ulikuwa umekwisha kufanya kazi kwa miaka zaidi ya 15. Askari anajua tofauti kati ya wachache wanaotangulia usiku katika uwanja usiojulikana na kikosi kinachopita asubuhi baada ya njia kufunguliwa. Kikosi kikuu kina kazi yake, na pengine ndicho kinachoteka mji, ila hakiwezi kudai kwamba kilitangulia.

Hata ule mtambo mpya una nasaba yake. Mashine ya aina hiyo ilibuniwa na Harry Tabor na Lucien Bronicki katika maabara ya taifa ya fizikia ya Israel, taasisi ya serikali, ikaonyeshwa mwaka 1961 katika mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Roma kuhusu nishati mpya. Ndipo mwaka 1965 Bronicki na mkewe Dita walipoanzisha kampuni ya Ormat. Na wakati kampuni hiyo ilipotaka kupanua mitambo yake ya Olkaria, mwaka 2012 OPIC, wakala wa Serikali ya Marekani, ulikubali kuikopesha hadi dola milioni 310. Kwa hiyo yule anayeitwa mwekezaji binafsi alifika Kenya na ubunifu uliozaliwa katika maabara ya serikali moja, akafanya kazi katika eneo lililofunguliwa na serikali ya pili, na akapanuka kwa mkopo wa serikali ya tatu. Haipunguzi juhudi yake. Inapunguza tu nguvu ya wale wanaosimama majukwaani na kusema kwamba serikali ikae kando.

Kenya yenyewe iliyaona hayo, na mwishoni mwa mwaka 2008 ikaunda shirika jipya la umma, GDC, kwa shabaha moja: serikali ichimbe na ibebe hasara ya visima vikavu, kisha iwauzie wawekezaji binafsi mvuke ulio tayari, nao wajenge mitambo. Katika karatasi mpango ulikuwa mzuri. Kila mmoja anafanya anachokiweza. Mwaka 2011 mashine zilianza kuchimba Menengai, volkano iliyo juu ya mji wa Nakuru, na kwa miaka iliyofuata makumi ya visima yalichimbwa, mengine mazuri na mengine duni. Makampuni matatu yalichaguliwa, kila moja lijenge mtambo wa megawati 35. Kisha kazi ikasimama. Mvuke ulikuwapo, lakini wenye mabenki walitaka barua za serikali za kuwahakikishia kwamba umeme utanunuliwa na kwamba mvuke hautapungua. Majadiliano yalikula miaka. Kampuni ya kwanza kati ya hizo tatu ilitoa umeme mwaka 2023.

Katika muda huo huo KenGen, shirika la umma, ilijenga na kuwasha Olkaria megawati 280 katika mwaka 2014 na mwanzo wa 2015, na mwaka 2019 ikaongeza mtambo mwingine wa zaidi ya megawati 150. Maana yake ni kwamba kuondoa hatari ya kisima hakutoshi kumfanya mwenye mtaji akimbie. Baada ya kisima huja hofu ya mnunuzi asiyelipa, na baada ya hiyo hofu ya serikali itakayobadilika. Kila hofu hutafuta dhamana, na mwisho wa dhamana zote hizo ni mlipa kodi.

Kuanzia mwaka 2012 KenGen ilifanya jambo jingine linalostahili kutajwa. Kisima kikichimbwa huweza kungoja miaka kadhaa kabla ya mtambo mkubwa kukamilika. Shirika hilo, likitumia mashine za makampuni binafsi, liliweka mitambo midogo ya megawati chache kando ya visima vyenyewe, ikawa inatoa umeme na mapato wakati mtambo mkubwa bado unajengwa. Mitambo hiyo midogo ilifikia kiasi cha megawati 80, karibu mara mbili ya mtambo wa kwanza wa mwaka 1985. Wazo halikuwa la bingwa mmoja. Lilitokana na mnunuzi wa umma aliyekuwa na visima vingi vimelala, na makampuni yaliyokuwa na mashine yakitafuta mahali pa kuzijaribu. Leo wachimbaji wa KenGen wanakodiwa nje. Tangu mwaka 2019 wamekwenda Ethiopia, na baadaye Djibouti, wakichimba kwa malipo.

Hata hivyo shirika la umma nalo huweza kumkanyaga raia. Ili kujenga mtambo wa nne wa Olkaria, kaya zipatazo 150 za Wamasai zilihamishwa mwaka 2014 kupelekwa katika makazi mapya. Baadhi yao walilalamika kwa Benki ya Dunia na kwa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizokuwa zimekopesha fedha, kuhusu hati za ardhi, ubora wa eneo na barabara isiyopitika wakati wa mvua, hata ikabidi usuluhishi ufanyike. Neno "umma" lililoandikwa juu ya lango la mtambo halimfariji mama aliyehamishwa na mbuzi wake kwenda bondeni.

Kama Olkaria ni habari ya serikali iliyotangulia, Loiyangalani ni habari ya serikali iliyochelewa. Huko kaskazini, mashariki ya Ziwa Turkana, pepo huvuma karibu mwaka mzima kupitia pengo la milima. Wazo la kuzivuna lilikuwa la watu binafsi tangu katikati ya miaka ya 2000. Hakuna wizara iliyolifikiria. Walipima upepo, wakatafuta fedha kwa miaka, na wakaitengeneza upya barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis ili magari yaweze kupitisha mabawa ya mashine katika nchi ambayo hapo awali polisi walikuwa wakisindikiza misafara kwa hofu ya wanyang'anyi. Mashine 365 zilisimikwa, jumla megawati 310. Wenye hisa walikuwamo pia mifuko ya serikali za Norway, Finland na Denmark, na Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaongoza wakopeshaji. Yaani hapa nako neno "binafsi" lina tabaka zake. Lakini ujasiri wa kuanza ulikuwa wao.

Serikali ya Kenya ilikuwa na kazi moja: kujenga njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Benki ya Dunia ilikuwa imeonya na kujitoa katika dhamana mwaka 2012, ikiona kwamba Kenya itabanwa kulipia umeme hata usipohitajiwa. Mkandarasi wa Kihispania aliyepewa kazi ya njia hiyo alifilisika mwaka 2017. Mashine zote zilikuwa zimesimama tayari, upepo unavuma, hakuna waya. Kwa mujibu wa mkataba, mnunuzi alitakiwa kulipa. Kenya ililipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwasha hata balbu moja, na deni jingine likaingizwa katika bei ya baadaye. Njia iliunganishwa mwezi Septemba 2018. Tangu hapo umeme wa Turkana umekuwa wa bei nafuu kuliko wa mafuta, na katika siku zenye upepo mwingi umekuwa nguzo. Ila kwa kuwa mkataba unataka ulipiwe, kumekuwa na nyakati za usiku ambapo mvuke wa Olkaria, mali ya umma, umeachwa upotee hewani. Wafugaji wa huko nao walikwenda mahakamani kudai ardhi iliyowekwa mashine hizo.

Mwaka 2021 kamati iliyoteuliwa na Rais wa Kenya ilipitia mikataba ya umeme. Ilikuta kwamba wazalishaji binafsi, wa mafuta na wa nishati nyingine wakichanganywa, walitoa karibu robo ya umeme ulionunuliwa na shirika la taifa na kuchukua karibu nusu ya fedha zilizolipwa. Takwimu hiyo imetumiwa kama rungu. Inastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu mitambo ya mafuta hulipwa hata inapokaa kimya ikingoja ukame, na mitambo mingi ya KenGen ni ya zamani, madeni yake yamekwisha kulipwa. Haisemi kwamba mtu binafsi ni mwizi. Inasema kwamba aliyetia sahihi kwa niaba ya umma wakati taa zimezimika hakuwa na nafasi ya kubishana bei.

Upo uwanja mmoja ambao watu binafsi wameuteka bila shaka, nao ni umeme wa jua wa nyumbani. Tangu miaka ya 1980 mafundi wadogo wa Meru walikuwa wakifunga vioo vya jua juu ya mapaa ya shule na ya wakulima wa kahawa, bila kungoja shirika la umeme. Kuanzia mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA iliuza taa hizo kwa mkopo, mnunuzi akilipa kidogo kidogo kila siku kwa simu. Ubunifu ulikuwa katika malipo kuliko katika kioo. Nayo malipo hayo yalipita katika M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 baada ya Serikali ya Uingereza kuchangia karibu pauni milioni moja katika majaribio ya kampuni ya simu ya Vodafone, kwa kuwa wazo lile lilionekana la hatari mno kwa kampuni kulibeba peke yake. Kisima kikavu kipo hata pasipo na kisima.

Kwa Tanzania habari hizi si za mbali. Mwezi Desemba 2024 njia ya kilovolti 400 kutoka Isinya, Kenya, kupitia Namanga hadi Singida ilipitishwa umeme kwa mara ya kwanza. Nchi hizi mbili sasa zimefungwa katika waya mmoja, na bei inayoandikwa katika mkataba wa upande mmoja haiwezi kuwa siri ya upande huo milele. Tanzania imelijenga Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 kwa fedha za hazina yake. Kwa joto la ardhini iliunda kampuni ya umma, TGDC, mwaka 2013, na maeneo yanayochunguzwa ni pamoja na Ngozi na Kiejo-Mbaka katika Mkoa wa Mbeya, Songwe, Luhoi katika Rufiji, na Natron kaskazini. Ngozi ni ziwa lililo ndani ya shimo la volkano, juu ya milima yenye ukungu. Askari waliopata kutumikia Mbeya wanaijua baridi yake.

Huko nako kitafika kisima cha kwanza kisichotoa kitu. Siku hiyo watatokea wa kusema kwamba fedha za umma zimetupwa shimoni. Baadaye, kisima cha tatu au cha tano kikifyatua mvuke, watatokea wengine wakiwa na mikoba na kalamu, wakiomba eneo lile kwa miaka 20 na dhamana ya hazina. Kenya ilipofikia hatua hiyo mwaka 1998 ilikuwa na upungufu wa umeme na wafadhili walikuwa wameifungia mfuko, ikatia sahihi kwa masharti iliyoyapata. Tanzania ina bwawa linalofanya kazi, kwa hiyo hailazimiki kukimbia. Gharama ya kila kisima cha uchunguzi, kilichozaa na kisichozaa, inaweza kuandikwa katika daftari tangu sasa, na daftari hilo likawekwa mezani siku mwenye mkoba atakapokuja, ili bei ya uniti ihesabiwe kuanzia hapo.